Yoyo Kwanza, Mfuko Baadaye: Mwongozo kwa Watu wa Kilosa na Mikumi

Usichague yoyo kwa kuipima mfukoni. Ndivyo wengi wanavyofanya: mtu anaichukua mezani kwa mmachinga, anaisukuma kwenye mfuko wa suruali, ikigoma anairudisha na kuomba ndogo zaidi. Anaondoka na kitu kinachoingia vizuri mfukoni na kinachokaa vibaya mkononi, na baada ya muda mfupi kimeachwa uvunguni mwa kitanda.

Mwongozo huu unataka ufanye kinyume. Chagua yoyo inayoukaa mkono wako, kisha urekebishe mfuko. Mahali ambapo nguo zote hununuliwa zimeshashonwa na fundi hajulikani anakaa wapi, ushauri wa kupunguza yoyo unaweza kuwa na maana. Kilosa haina shida hiyo. Toka stesheni ya reli ya zamani uingie mjini, hutatembea sana kabla hujasikia cherehani ya miguu ikigonga barazani. Mikumi nako ni hivyohivyo, pembeni ya barabara kuu ya Iringa. Mfuko mbaya ni ugonjwa wenye dawa, na mganga wake ana mkasi na futi shingoni.

Je, ukubwa wa mfuko una umuhimu? Una umuhimu mkubwa, ila hauko pale watu wanapoutafuta. Mtu akiambiwa yoyo za siku hizi ni kubwa, hutazama duara lake. Duara halijabadilika sana. Pedro Flores, Mfilipino aliyefungua kiwanda cha yoyo Santa Barbara, California, mwaka 1928, alikuwa akitengeneza vitu vya mbao vilivyojaa kiganjani, na Donald Duncan aliyeinunua biashara ile na kuieneza Marekani nzima aliendelea na kipimo kilekile kwa ujumla. Yoyo za chuma wanazotumia wachezaji wa mashindano leo zina kipenyo cha sentimita 5.4 hadi 5.7, na uzito wa gramu 60 na kitu. Kilichoongezeka ni upana, yaani umbali kutoka uso mmoja hadi mwingine. Ya zamani ilikuwa na sentimita 3 na kidogo. Za sasa hufika 4 hadi 4.7, na mabawa yake yamegeuzwa nje, umbo lililoanza kuuzwa miaka ya 1950 kwa jina la kipepeo.

Upana huo una kazi. Mabawa yakifunguka, uzi hupata njia pana ya kuingilia, nawe unaweza kuirusha yoyo hewani na kuitua juu ya uzi wake bila kuhangaika. Anayejifunza michezo ya aina hiyo na yoyo nyembamba anajitesa bure. Anayependa kuirusha mbele na kuidaka, mara nyingi mfululizo, ndiye mwenye haki ya kudai nyembamba yenye mgongo wa mviringo, kwa sababu inarudi mkononi kwa unyoofu. Basi jiulize kwanza unataka kucheza nini. Mfuko usubiri.

Sasa hesabu, nayo ndiyo kiini cha jambo lote. Chukua futi ya fundi uizungushe kwenye yoyo ikipita juu ya nyuso zote mbili, kama unayetaka kuifunga kifurushi. Yoyo yenye kipenyo cha sentimita 5.6 na upana wa 4.4 itakupa mzunguko wa takriban sentimita 20. Gawa kwa mbili: 10. Huo ndio mdomo mdogo kabisa wa mfuko ambao yoyo hiyo inaweza kupita ikiwa peke yake, ikiingia kwa ukingo. Rudia kwa yoyo nyembamba ya upana wa 3.2. Mzunguko ni sentimita 17.6, nusu yake 8.8. Tofauti kati ya yoyo unayoitaka na yoyo uliyokuwa unajilazimisha kuinunua ni sentimita moja na kitu ya kitambaa. Sentimita moja! Kwa ajili ya hiyo mtu anaacha mchezo anaoupenda.

Lakini yoyo haitoki mfukoni yenyewe. Vidole lazima viingie viishike, na kwa hivyo ongeza sentimita 5 juu ya nusu ya mzunguko. Ile pana itahitaji mdomo wa 15, ile nyembamba wa 14. Kina nacho kisisahaulike: juu ya yoyo iliyotulia chini ya mfuko pabaki nafasi ya vidole vinne vilivyolala, la sivyo ukikaa kwenye benchi la stendi itatambaa na kudondoka. Kwa mtu mzima, kina cha sentimita 20 kinatosha.

Ukienda kwa fundi usimwambie "niongezee mfuko kidogo". Neno kidogo limeharibu suruali nyingi katika nchi hii. Sema hivi:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Naomba unifumulie mfuko huu wa kulia unitie mwingine. Mdomo sentimita 15, kina 20, na kitambaa cha ndani kiwe cha kaki."

"Kaki kwa ndani? Unabeba nini humo?"

"Yoyo, fundi. Nimekuja nayo."

"Haya, ilete niipime."

Neno la mwisho la fundi ndilo unalolitafuta. Fundi aliyekishika kitu chenyewe hukata tofauti na fundi aliyeambiwa namba tu. Na kaki haina mjadala, kwa sababu kitambaa laini cha mifuko ya suruali nyingi za mitumba kilishonwa kubeba noti na leso. Ukikitia chuma cha gramu 65 kinachorukaruka, mshono wa chini utaachia. Mwombe fundi apige mshono huo mara mbili.

Wako wanaotaka yoyo ya mbao, na mimi niko upande wao, hasa kwa mtoto anayeanza. Kama unamjua seremala mwenye mashine ya kukereza, yule anayetoa miguu ya viti na vitanda, mpelekee kipande cha mninga kilichokauka vizuri. Atoe visahani viwili kutoka ubao mmoja ili uzito ulingane, na tundu la katikati liwe katikati kwelikweli, kwa kuwa tundu likihama hata kidogo, yoyo itatetemeka na uzi utajikunja upande. Usimruhusu akushawishi kutumia mpingo kwa sababu ya uzuri wake. Mpingo ni mti mzito unaozama majini, na uzito wake unakaribia mara mbili ya mninga. Kama yoyo ya mninga ina gramu 45, ya mpingo yenye umbo hilohilo itakaribia gramu 90. Mkono wa mtoto utauma, na kaptula yake ya shule, ile ya bluu yenye mpira kiunoni, itavutwa upande mmoja kutwa nzima. Hapo mfuko umepona na kiuno kimeugua.

Kwa mkono mdogo, punguza kipenyo hadi sentimita 5. Hapo ndipo yoyo ndogo ina haki yake: pale vidole vya mtoto visipoweza kuizunguka. Urefu wa uzi nao hupimwa kwa mwili. Simama, iache yoyo iguse ardhi mbele yako, kata uzi usawa wa kitovu, ukibakiza kiasi cha kufunga kitanzi cha kidole cha kati. Mtoto akipewa uzi wa baba yake atapasua yoyo sakafuni kabla hajajifunza lolote.

Uzi wenyewe uwe wa pamba ikiwa mhimili wa yoyo, kile kijiti kinachounganisha visahani viwili, ni wa mbao. Nailoni huteleza, na nyuzi za viwandani za aina yake huyeyuka kwa joto la msuguano yoyo inapozunguka kwa kasi kwenye mbao. Wala usidhani kwa kuwa uko jirani na mashamba ya katani ya Kimamba basi katani itafaa: kamba yake ni ngumu, itakuchubua kidole na kuukwangua mhimili. Pamba ndiyo yenyewe, na Kilosa haina sababu ya kuionea pamba ugeni, maana kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, nje kidogo ya mji, kimefanya kazi ya kuzalisha mbegu za zao hilo kwa muda mrefu. Kutengeneza uzi ni kazi ya jioni moja. Kata nyuzi kadhaa nyembamba zenye urefu zaidi ya mara mbili ya unaotaka, zishike pamoja, ncha moja uifunge kwenye msumari wa mlango, ncha nyingine uisokote mpaka uzi ukilegezwa unajinyonganyonga wenyewe. Hapo kunja katikati na uache pande mbili zijisokote pamoja. Kule ulikokunja panabaki kitundu, nacho ndicho kinachovaa mhimili. Kwa kuwa kitundu hicho hakikazwi, yoyo hufika chini ikaendelea kuzunguka palepale bila kupanda, hadi uivute kidogo. Nyuma ya michezo mingi ya yoyo iko siri hiyo ya kitundu kilicholegea.

Sasa tuje kwenye mfuko upi, kwa sababu suruali ina mifuko mingi na mmoja ni adui. Mfuko wa nyuma haufai. Haufai kwa yoyo ya plastiki, itapasuka ukikaa. Haufai kwa ya chuma, itakuuma nyonga kutoka stendi ya Msamvu mjini Morogoro mpaka Mikumi, na ndani ya Hifadhi ya Mikumi, pale barabara kuu inapokatiza kama kilomita 50 za makazi ya wanyama, matuta yatakukumbusha kila mara umekalia nini. Tena kifundo kinachotuna nyuma hufanana na pochi nene, na stendi yoyote kubwa ina macho yanayotafuta pochi nene. Kibaka atakayekwenda na yoyo yako hatairudisha akigundua si pesa.

Mfuko wa mbele, upande wa mkono unaochezea, ndio makazi yake. Simu ihamie upande mwingine, bila majadiliano. Yoyo ya chuma na kioo cha simu katika mfuko mmoja ni ndoa ya siku moja, na gharama ya kioo inanunua yoyo nyingi. Sarafu na funguo nazo ziondoke, kwa sababu hukwaruza ukingo wa yoyo, na ukingo uliokwaruzwa hukata uzi. Nimeona watu wakilaumu uzi wiki nzima kumbe mkosaji ni ufunguo wa kufuli la baiskeli.

Kabla ya kuitia mfukoni, zungusha uzi wote ndani ya yoyo, kisha kitanzi cha kidole ukichomeke chini ya mzunguko wa mwisho ili kisining'inie. Hili si suala la umaridadi. Ukipanda bodaboda na uzi unapepea pembeni ya paja lako, kuna mnyororo na kuna gurudumu vinavyozunguka karibu kabisa na hapo. Abiria wa bodaboda afunge mfuko kwa kifungo au zipu. Dereva wa bodaboda aiache yoyo kwenye koti, mfuko wa ndani, mpaka ashushe abiria.

Vumbi ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi kupitia kata ya Ulaya inakupa la kutosha wakati wa kiangazi, na mifuko yetu huhifadhi kila kitu: maganda ya karanga, punje za mahindi, mchanga, unga wa sigara wa mjomba aliyeazima suruali. Yoyo ya mbao huvumilia. Yoyo yenye bearingi haivumilii, maana punje moja ya mchanga ikiingia kati ya vigololi vyake utasikia inakwaruza, na muda wa kuzunguka utapungua sana. Kila Jumamosi ugeuze mfuko nje ndani, uukung'ute, na siku ya kufua uufue ukiwa umegeuzwa. Bearingi ikichafuka ifungue, ioshe kwa petroli kidogo mbali na jiko, iache ikauke kabisa, kisha utie tone moja la oili ya cherehani. Tone moja tu. Oili ile ni nyepesi na inafaa, na fundi wako anayo. Ukizidisha, itavuja kwenye uzi, uzi utashika vumbi, na yoyo itaanza kurudi mkononi kabla hujaiita.

Wakati wa masika ifunge kwanza kwenye kitambaa kabla haijaingia mfukoni. Zamani mtu angeitia kwenye mfuko wa plastiki, lakini mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, nami naona kitambaa ni bora zaidi: plastiki hufungia unyevu ndani na bearingi hupata kutu. Kipande cha kanga iliyochakaa, kikashonwa na kutiwa kamba ya kukaza mdomo, kinatosha.

Kwa mgeni au mwenyeji anayeingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964: yoyo ibaki mfukoni. Huruhusiwi kushuka garini popote unapotaka, na kuichezea dirishani ni kumwita nyani. Nyani wa barabara ile wamezoeshwa vibaya na abiria wanaotupa maganda ya ndizi kinyume cha sheria, na mkono uliotokeza nje na kitu kinachong'aa watauelewa kwa namna yao. Kwa anayepanda treni ya SGR Kilosa, kwenye ukaguzi toa yoyo ya chuma mfukoni uiweke pamoja na simu. Akikuuliza askari ni nini, mwonyeshe mara moja, kwa upole, na usianze mashindano kwenye foleni.

Shuleni, mwalimu akiingia darasani, yoyo iwe ndani ya mfuko na mkono uwe nje. Hapo ndipo mfuko mzuri unapompatia mtoto heshima, kwa sababu yoyo isiyotuna wala kudondoka haimchokozi mwalimu.

Wako wasio na mifuko kabisa, nao wanastahili maelezo marefu kuliko sisi wengine. Mfugaji wa jamii ya Parakuyo aliyejifunga shuka hana mfuko, lakini ana mkanda, na kifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa kipimo cha yoyo kikining'inia kwenye mkanda kinashinda mifuko mingi ya suruali niliyoitaja: mdomo wake hauumbuki, na mkono huufikia bila kutazama. Mwenye kanzu atumie mfuko wa pembeni, aache wa kifuani, kwa kuwa akiinama kunawa yoyo itamtangulia. Mama mwenye kanga anaweza kuifunga kwenye pindo kama anavyofunga hela, akapiga fundo mara mbili. Itakaa salama, ila kuifungua ni kazi, na yoyo isiyofikika haraka huchezwa mara chache.

Aliyeonewa zaidi ni msichana wa shule. Kaka yake ana kaptula yenye mifuko miwili. Yeye ana sketi ambayo mara nyingi haina hata mmoja, na ikiwa nao ni wa kidole kimoja. Hela ya maandazi anaifumbata, kalamu anaishika, leso anaichomeka kiunoni. Halafu watu wakimwona hachezi yoyo, gololi wala chochote kinachobebwa, husema wasichana hawapendi michezo hiyo. Hawana pa kuiweka. Ukimpa mtoto yoyo bila mfuko umempa mzigo wa mkono mmoja kutwa nzima, na mtoto yeyote atauacha nyumbani.

Dawa yake ni rahisi kuliko zote katika mwongozo huu. Sketi ina mshono wa ubavuni, na fundi akiufungua sentimita 14 anaweza kutia mfuko wa ndani usioonekana kabisa; sketi ikiwa na marinda, mdomo hujificha ndani ya rinda na umbo la sare halibadiliki hata kidogo, kwa hiyo mwalimu wa zamu hatakuwa na la kusema. Mzazi unayepeleka kitambaa cha sare kwa fundi mwezi Desemba ili Januari ikukute tayari, agiza mifuko ya binti wakati uleule unapoagiza ya kaka yake, kwa kipimo kilekile, na upeleke yoyo yenyewe ipimwe. Kitambaa kinachohitajika ni vipande viwili vya ukubwa wa kiganja na nusu, ambavyo fundi huvipata kwenye mabaki ya sare hiyohiyo.

Siku ya kuchukua sare, mvalishe palepale barazani, mpe yoyo aitie mfukoni, asimame, achuchumae, akimbie mpaka kona na kurudi. Ikidondoka, fundi aongeze kifungo kimoja kwenye mdomo wa mfuko, na fedha iliyobaki uitoe baada ya kifungo kushonwa.